Kipa akilala, saa isilale

Mhariri,

Mechi za mtaani huku Kawangware zinaharibiwa na kupoteza muda. Timu ikishaongoza, kipa anaanguka bila kuguswa, mpira unabutuliwa hadi barabarani kwenye matatu, na vijana wa kuuokota wanatoweka ghafla. Kisha refa anaongeza dakika mbili! Katika Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, mechi ya Uingereza na Iran iliongezewa takriban dakika 27 kwa vipindi vyote viwili. Na tangu Julai 2025, kipa akidaka mpira na kukaa nao zaidi ya sekunde 8, wapinzani hupewa kona. Refa huinua mkono na kuhesabu 5 za mwisho kwa vidole. Hilo halihitaji VAR wala pesa. Waandalizi wa ligi zetu, waagizeni marefa waanze wikendi hii.

Msomaji,
Kawangware 46, Nairobi