Kolamu Isiyoitwa Bila Alama Ibadilishwe Jina

Wasee, leo niko na neno moja tu: jina la kolamu likihitaji alama za kunukuu ndio lisomeke, hilo jina ni baya. Libadilishe mapema.

Nilijifunza kwa aibu. Baada ya kuacha chuo, nilimtengenezea mama mmoja anayeuza omena Homa Bay programu ya kuandika wateja wa mkopo. Databesi ilikuwa MySQL. Kolamu nikaiita "deni la sasa", na nafasi katikati, juu niliona inapendeza. Mwisho wa mwezi nikauliza:

SELECT SUM('deni la sasa') FROM wateja;

Jibu: 0.

"Mama, hakuna mtu ako na deni yako."

Akaniangalia. "Nyathina, hiyo kompyuta imesamehe watu bila kuniuliza?"

Shida ni hii. Kwa SQL, alama ' ' hubeba maandishi, si jina la kolamu. MySQL ilijumlisha yale maneno yenyewe, ikaona si namba, ikahesabu sifuri. Haikukataa, na hapo ndipo hatari iko. Nilifaa kutumia kale ka-alama ` ka MySQL.

Halafu Migori, dukani kwa mteja mwingine, nikapata PostgreSQL. Aliyenitangulia aliunda kolamu "JinaMteja" ndani ya alama " ". Mimi nikaandika JinaMteja bila alama. PostgreSQL ikashusha herufi zote, ikatafuta jinamteja, ikasema haipo. Nusu siku imeenda hivyo.

Najua kuna msee atasema, "Si ujifunze tu alama?" Jifunze, ndiyo. Lakini usimwachie anayekuja nyuma yako mtego. Andika deni_la_sasa: herufi ndogo, kistari cha chini, hakuna nafasi. Pia epuka maneno ambayo SQL inatumia yenyewe, kama order na group.

Ila usichanganye kolamu na watu. Huku kwetu kuna Achieng' na Ochieng', na hiyo alama ya mwisho ni sauti ya jina. Usiikate eti inavunja swali lako. Usibandike jina la mtu ndani ya swali; lipitishe kando kama kigezo, litaingia zima.

Kolamu unaweza kuibatiza upya hata leo usiku. Achieng' alishapewa jina na watu wake.

Mama wa omena bado ni mteja wangu. Lakini siku hizi anajumlisha kwa daftari kwanza.