Mbegu ya Uyoga: Barua kwa Jamaa wa Tanga

Jamaa zangu wapenzi,

Nawaarifu kutoka hapa Manchester kuwa zile ndoo mlizoziona katika picha, mkanisaili ni biashara gani nimeifungua, si biashara hata kidogo, bali ni uyoga wa mamama ninaouotesha kwa mapenzi tu, juu ya machicha ya kahawa ambayo mgahawa wa jirani yangu ungeyatupa jalalani.

Lakini nililokusudia hasa ni kuwazungumzia mbegu, madhali nasikia kuwa baadhi yenu hununua mifuko iliyokwisha kupandwa, mkavuna mara mbili tatu, kisha mkamrudia muuzaji kwa mifuko mingine. Na mkulima asiyemiliki mbegu yake, kwa rai yangu, ni mpangaji katika shamba lake mwenyewe. Mbegu hiyo ni utando mweupe ulioenezwa juu ya nafaka, aghalabu ngano au mtama, na ilimu yake si kongwe: Mmarekani James Sinden alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa mbegu ya nafaka mwaka 1932. Nafaka hiyo yataka mvuke wa shinikizo na mikono safi mno, kwani ukungu wa kijani huipenda kuliko uyoga wenyewe.

Iko njia nyepesi. Twaeni vitako vya mamama mbichi, pale mashina yaliposhikamana, vya uyoga mnaoujua kwa yakini wala si wa kuokota porini. Rowekeni kadibodi isiyo na rangi katika maji ya moto, na ikipoa ichaneni tabaka yake ya juu hata mawimbi ya ndani yawe wazi, mpange vitako juu yake, mfunike kwa kadibodi nyingine, mtie yote katika chombo chenye vitundu, mkiweke kivulini. Haipiti muda mrefu ila mtaona nyuzi nyeupe zikitambaa katika ile mifereji, kwa sababu kadibodi haina utamu wa kuwavuta maadui, ilhali mamama huila bila taabu. Nyuzi zikienea, ichaneni kadibodi vipande mvichanganye na mabua ya mpunga yaliyokaa katika maji ya nyuzijoto 65 hadi 80 kwa saa moja au zaidi. Yasitokote, maana vijidudu vingine humo ni walinzi wenu.

Nasaha tatu kwa haraka: mbegu iliyorudufiwa mara nyingi huchoka, basi tafuteni uyoga mpya kila baada ya muda, na vuneni kabla ya kofia kutandazika, wala msilale chumba kimoja na mifuko, kwani vumbi la uyoga hudhuru kifua.

Fauka ya hayo, mnayo neema nisiyokuwa nayo mimi. Nyuzi za mkonge hazizidi asilimia 5 hivi ya uzito wa jani, na masalia yake, ambayo mamama huota juu yake, yamelundikana katika mashamba ya mkoa wenu. Basi kabla ya kununua mfuko mwingine, ombeni gunia moja la masalia hayo, mlijaribu kwa mbegu ya kadibodi, mniandikie mlichokipata.