TENDE ZA SIKUKUU



Ramadhani ikikaribia kwisha, watoto wa Mji Mkongwe huanza kuzihesabu fedha za sikukuu watakazokwenda kutumia Kariakoo. Hatuwazuii, kwani Idi ni siku ya furaha. Lakini yafaa mtoto ajue pia kuwafurahisha wenziwe kwa kazi ya mikono yake.

Usiku wa kuamkia Idi wakusanyeni watoto, wanawe mikono, wala msiwashe moto. Twaeni nusu kilo ya tende laini, mzitoe kokwa, mzitwange pamoja na robo kilo ya njugu zilizokwisha kaangwa na iliki kidogo. Zikishikana, kila mtoto afinyange apendavyo: huyu mwezi mwandamo, huyu samaki, huyu jahazi. Kisha azigaragaze katika ufuta au nazi iliyokunwa. Sukari haihitajiki. Zenye nazi ziliwe siku ile ile, maana nazi mbichi huchacha upesi.

Imepokewa kwa Anas bin Malik kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa hatoki kwenda kusali Idi ya Mfunguo Mosi ila amekwisha kula tende, kwa hesabu ya witiri.

Mwaka mmoja mwanafunzi wa chuoni kwetu alilificha jahazi lake, zuri kuliko yote. Tukamkemea kwa uchoyo. Kumbe alikuwa amemwekea mwenziwe yatima! Tuliona haya.

Basi, wazazi, sahani ya kwanza na itoke nje ya mlango.

Wabillahi tawfiq.