Tamthilia Si Karatasi ya Mtihani

Mwaka 2019 nikiwa kidato cha nne, tulipakiwa basi la shule hadi ukumbi mmoja hapa Nairobi kutazama Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Kila mtu na daftari lake na biro. Majoka alipofunga soko la Chapakazi, niliacha kuandika. Nilimwona mama yangu, anayeuza mitumba Gikomba, na ambaye kibanda chake kimeshaungua mara mbili. Donge likanikaba. Mara mchezo ukasimamishwa! Mwigizaji akaja mbele kutuuliza hiyo ni mbinu gani. Tukajibu kama kasuku: "Jazanda!" Donge likashuka.

Jioni nikamhadithia mama. Akauliza, "Hata sisi tunaweza kwenda kuona?" Nikacheka. Nikamwambia, "Hiyo ni ya wanafunzi, mama." Kicheko hicho kinaniudhi hadi leo.

Wasanii wenzangu, huu ndio ugonjwa wetu. Tamthilia ya Kiswahili mjini humu huzaliwa ikiingia kwenye orodha ya vitabu teule, na hufa siku inayoondolewa. Tulikuwa na Mstahiki Meya ya Timothy Arege. Kigogo ikaingia, Meya akazikwa bila matanga. Bembea ya Maisha ikaja, Majoka naye akafukiwa. Kwani dhuluma nayo hutoka kwenye silabasi? Mameya wenyewe walikwisha mwaka 2013 tulipopata magavana. Takataka mitaani je, ziliisha?

Najua nitajibiwa: msanii naye hula, na zinazolipa ni shule. Ni kweli. Mimi ndoto yangu ni riwaya, lakini niliwahi kuandika mchezo nikaupelekea kundi moja. Walinirudishia mswada hata bila kuufungua. "Msee, kama si setibuku, nani atalipa?"

Basi niulize nami: nani alikuwa anafukuzia gredi kule Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977? Wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa kwa mikono yao, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kwa Kikuyu, lugha ya nyumbani kwao. Watu wakafurika. Serikali ikaupiga mchezo marufuku mwaka huohuo, na mwaka 1982 ikalibomoa jukwaa. Iliogopa kwa sababu watazamaji walijiona pale jukwaani. Mchezo wa kuuliza mbinu za lugha, nani atajisumbua kuubomoa?

Sisemi setibuku ziondolewe. Mimi mwenyewe zilinifungua macho. Ninachodai ni Jumamosi moja tu kila mwezi. Maleba yapo, mistari iko kichwani. Kundi liigize tena jioni, bila maswali, kwa bei ya nauli ya matatu, na matangazo yabandikwe sokoni, si kwenye ofisi ya mwalimu mkuu pekee. Ukumbi ukibaki mtupu, njooni mnicheke.

Nasi tunaoandika, tuache kumwandikia mtahini. Juzi nimemsomea mama mchezo wangu pale kibandani, kati ya mteja na mteja. Alinikatiza mara moja tu, akauliza, "Halafu yule msichana akafanya nini?"

Huyo ndiye mtazamaji tunayemfungia mlango.