Paka Mgonjwa na Dhamiri ya Mkristu



Baada ya sala ya shirika letu, hapa Lubumbashi, mama mmoja mwenye kuheshimiwa aliniuliza mbele ya wote: "Baba katekista, ni kweli unampikia paka ndakala wakati watu wanalala njaa?" Wengi walicheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki, nalo linastahili jibu.

Paka wetu mweupe aliishi nasi miaka 11, akipenda kulala juani juu ya bati la jikoni. Ncha za masikio yake zilipoanza kuota vigaga, tulisema ni makucha ya paka wenzake. Miezi ikapita. Tulipompeleka hatimaye kwa mganga wa wanyama, alitueleza kuwa ni saratani ya ngozi, ambayo jua kali huwaletea paka weupe masikioni na puani, mahali penye manyoya machache. Mapema, kukata ncha ya sikio kungaliweza kumponya. Sasa ugonjwa ulikwisha kufika kwenye tezi za shingo. Naandika hayo kwa aibu: mnyama hana kinywa cha kulalamika, na sisi tulikuwa na macho.

Mganga alituonya pia tusimpe parasetamoli, kwa kuwa mwili wa paka hauwezi kuivunja, na kidonge kimoja chatosha kumuua. Binti yangu alikuwa amekwisha kukiweka tayari kidonge hicho, kwa upendo wote. Huruma yahitaji maarifa.

Basi, je, ni halali kumhudumia paka asiyepona? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha katika mafungu ya 2416 hadi 2418 kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, nasi tunawiwa kuwatendea kwa wema. Kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu. Lakini fundisho hilohilo laonya tusiwatumilie fedha zinazopaswa kwanza kuondoa taabu ya watu, wala tusiwape upendo unaowastahili watu peke yao. Pande zote mbili zatufunga.

Kwa hiyo nyumbani tuliweka mipaka. Hatukukopa, na mchango wetu kwa wagonjwa wa parokia haukupunguzwa. Tulichompa ni muda: kivuli, sanduku lenye kitambaa safi, maji karibu ya kinywa chake, kidonda kuoshwa kila asubuhi. Vichwa vya ndakala tulivitwanga na kuvilainisha kwa mchuzi wa uvuguvugu usio na chumvi, maana harufu ya chakula chenye joto humvuta paka aliyepoteza hamu. Tulijifunza pia kusoma maumivu yake, kwani paka huyaficha: huacha kujilamba, hujikunyata, hutafuta giza.

Na hapo ndipo swali la yule mama liliponichoma. Nyumba ya tatu kutoka kwetu amelala mzee wa kwaya yetu, ambaye hospitali ilimrudisha nyumbani ikisema hakuna dawa tena. Tangu Pasaka sikuwa nimevuka mlango wake. Nilijua paka wangu alikula nini jana. Sikujua kama mzee yule alikula. Kosa langu halikuwa kumwosha paka. Kosa lilikuwa kuamini kwamba mtu akishakosa dawa, hakuna tena la kumtendea, hali paka yule alinionyesha kila asubuhi kwamba lipo.

Paka alipokataa hata maji, tulimwomba mganga amchome sindano ya mwisho. Binadamu hatumfanyii hivyo kamwe, hata kwa jina la huruma, kwa maana uhai wake ni wa Mungu; yeye husindikizwa hadi mwisho kwa kitulizo, sakramenti na mkono wa kushikwa. Mnyama amewekwa chini ya ulinzi wetu, nami naona kwamba kumkatia mateso yasiyo na tumaini ni sehemu ya ulinzi huo. Tulimzika chini ya mwembe.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee, nikiwa na beseni na maji ya moto. Mama yule, nampa shukrani yangu hadharani, amekubali kushika zamu ya Jumatano. Siku nyingine bado hazina mtu.