Zebaki iondoke kinywani, lakini mnyonge asing’olewe jino

UAMUZI uliofikiwa jijini Geneva mnamo Novemba 2025, kwamba mataifa ya Mkataba wa Minamata yakomeshe matumizi ya amalgamu ya meno kufikia mwaka 2034, unastahili pongezi. Takriban nusu ya uzani wa amalgamu, ile dawa ya rangi ya fedha ambayo wengi wetu tumezibiwa meno, ni zebaki. Ikimwagwa katika maji taka, sumu hiyo huweza kuishia mitoni na katika samaki tunaowala.

Hata hivyo, kuondoa kitu si sawa na kukitafutia badala. Je, mgonjwa wa kawaida atazibwa jino kwa kitu gani?

Jibu la haraka ni kompositi, ule mseto mweupe wa resini na chembe za kioo. Msingi wake uliwekwa na Mmarekani Rafael Bowen, aliyepata hataza mwaka 1962. Resini pekee ni laini na huchakaa upesi, ndiposa huongezewa unga wa kioo. Taabu ni kwamba kioo na resini havishikani vyenyewe. Bowen alizipaka chembe hizo silani, kemikali yenye ncha mbili: moja hushika kioo, nyingine hushika resini. Chembe zisipopakwa vyema, unyevu wa kinywani hupenya katikati, chembe zikabanduka na kijazo kikadhoofika.

Mgonjwa hawezi kuliona tabaka hilo. Anachoona ni weupe tu. Kwa sababu hiyo, ukaguzi wa ubora wa bidhaa zinazoingizwa nchini si anasa.

Kazi ya daktari nayo ina masharti yake. Sharti jino lisuguliwe kwa asidi, lipakwe gundi na likae kavu, kisha dawa imulikwe kwa mwanga wa buluu, tabaka kwa tabaka, kila moja la takriban milimita mbili. Kazi hiyo yahitaji muda, vifaa na umeme. Amalgamu ilivumilia unyevu na haraka. Zahanati isiyo na taa hiyo itabakiwa na koleo, na mnyonge atarudi nyumbani na pengo.

Ipo njia ya kati. Ayonoma ya kioo ni saruji inayoshika jino yenyewe, na baadhi ya aina zake huganda bila kumulikwa. Tangu katikati ya miaka ya 1980, wataalamu jijini Dar es Salaam walionyesha kwamba sehemu iliyooza yaweza kuondolewa kwa vifaa vya mkono na jino kuzibwa bila mashine. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani liliiweka ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu. Kweli, haihimili shinikizo la kutafuna kama kompositi katika mashimo makubwa, lakini huokoa meno mengi.

Serikali za kaunti, zilizokabidhiwa huduma nyingi za afya mwaka 2013, zianze sasa kutenga fedha za saruji hiyo, taa na mafunzo. Mwaka 2034 si mbali. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jino, ukishabomoka, haujengeki kwa bei ya mnyonge.