Nyota ya Ringo na Mzaha Usio na Mwenyewe

Kuna mzaha ambao umemwandama Ringo Starr kwa zaidi ya miaka arubaini, nao huibuliwa kila linapotajwa kundi la The Beatles: kwamba John Lennon, alipoulizwa kama Ringo ndiye mpiga dramu bora duniani, alijibu kuwa hakuwa bora hata ndani ya kundi lenyewe. Wanaousimulia huutoa kama ushahidi, kisha hufunga shauri. Mwanahistoria Mark Lewisohn, aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kulichunguza kundi hilo, aliutafuta mzaha huo katika maneno ya Lennon asiupate. Alichokipata ni vichekesho vya Uingereza vya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Lennon alikuwa amekwisha kuuawa New York mwezi Desemba 1980. Lennon mwenyewe, katika mahojiano marefu ya mwaka huo wa mwisho wa uhai wake, alimsifu Ringo kuwa mpiga dramu hodari, akakumbusha kwamba mtu huyo alikuwa na jina lake Liverpool kabla hawajakutana. Shahidi mkuu wa mashtaka, basi, hakuwahi kupanda kizimbani.

Hata hivyo hukumu imebaki: Ringo hakuwa na kipaji, alikuwa na bahati. Kiswahili humwambia aliyebahatika kuwa ana nyota, na huenda lugha yenyewe inawarahisishia kazi Waswahili wanaoyarudia mabishano haya ughaibuni, maana Richard Starkey alijichagulia jina la kisanii lenye maana hiyohiyo. Lakini nyota iliyomwangazia utotoni haikuwa ya jaha. Alizaliwa mwaka 1940 katika mtaa wa kimaskini wa Dingle, Liverpool. Alipokuwa na miaka 6, kidole tumbo kilipasuka, akapoteza fahamu na kulazwa muda mrefu. Alipofika miaka 13 alipatwa na kifua kikuu, akakaa hospitalini takriban miaka 2, na shule hakurudi tena. Ni humo wodini, ambamo watoto waligawiwa ala za kupiga ili wachangamke, ndimo alimonaswa na ngoma. Anayetaka kuyaita hayo bahati aeleze kwanza neno hilo analitumia kwa maana gani.

Wapinzani husema kwamba bahati yake ilikuja baadaye, Agosti 1962, pale alipodandia chombo kilichokuwa tayari kinang'oa nanga. Picha hiyo inapendeza, ila imegeuzwa. Ringo alikuwa akipiga katika kundi la Rory Storm and the Hurricanes, ambalo walipokutana na The Beatles mjini Hamburg mwaka 1960 ndilo lililokuwa na heshima kubwa zaidi. Alipoitwa alikuwa kazini Skegness, kwenye kambi ya mapumziko ya Butlin's. Hakubisha hodi kwa mtu. Ni wao waliomfuata, wakamwondoa Pete Best aliyekuwa nao miaka 2, na wakavumilia zomeazomea za mashabiki wa Best kwa ajili yake.

Hoja nzito ya upande wa bahati ni nyingine, nayo yastahili kusikilizwa kwa heshima. Tarehe 4 Septemba 1962 Ringo alirekodi “Love Me Do”. Wiki moja baadaye mpiga dramu wa kukodiwa, Andy White, aliwekwa kwenye kiti chake, naye Ringo akapewa tari. Sahani ya kwanza iliyouzwa Uingereza ilitoka na upigaji wa Ringo, na albamu iliyofuata ikatumia wa White. Wasikilizaji wengi hawawezi kutofautisha rekodi hizo mbili isipokuwa kwa mlio wa ile tari. Basi ikiwa mtu wa kukodiwa kwa siku moja aliweza kuishika kazi ile, Ringo alikuwa na nini? Jibu la kweli ni kwamba katika “Love Me Do” hakuwa na lolote la pekee. Wimbo huo haukumdai kitu, na asiyedaiwa hajulikani kama ana uwezo wa kulipa.

Madai yalikuja baadaye. Katika “Rain”, iliyorekodiwa Aprili 1966 na ambayo Ringo mwenyewe huitaja kuwa kazi yake aipendayo kuliko zote, ngoma hazifuati wimbo nyuma nyuma. Zinauburura, zinauachilia, zinaudaka tena. Katika “A Day in the Life” ya 1967 ngoma nzito za pembeni hungoja Lennon amalize kauli ndipo zijibu, kama mtu anayesikia habari mbaya na kukosa la kusema. Sehemu ya siri hiyo imo mikononi. Ringo alizaliwa mashoto, na bibi yake alimlazimisha kuandika kwa mkono wa kulia (jambo ambalo wengi waliolelewa katika nyumba za Waswahili watalielewa bila maelezo). Akakaa kwenye dramu zilizopangwa kwa watu wa kulia huku akianza mizunguko yake kwa mkono wa kushoto. Mkono ukitoka ngoma moja kwenda nyingine hauna budi kuukwepa mwenziwe, na katika ule ukwepaji hupotea nukta ya wakati. Mpigo wake unachelewa kidogo mahali ambapo mwingine angewahi. Wapiga dramu wenye kasi mara tatu yake wamejaribu kuuiga, wakaona kwamba noti zinapatikana kwa wepesi ila ule uzito haupatikani.

Itasemwa kwamba mengine aliambiwa. Ni kweli: Lennon alieleza kwamba mpigo wa “Ticket to Ride” ulitokana na McCartney. Lakini kumwonyesha mwashi mahali pa mlango si kujenga ukuta. Lewisohn, aliyeruhusiwa kusikiliza kanda za studio, alishuhudia kwamba ni mara chache mno rekodi ilipokatika kwa kosa la Ringo. Katika kundi lililorudia wimbo mara kumi, ishirini na zaidi, huo ni msingi ambao wengine watatu waliutegemea bila hata kuufikiria.

Kinachowakosesha wapinzani hukumu ya haki ni mizani yao. Wanampima mpiga dramu kwa kasi na kwa muda anaojitwalia peke yake jukwaani, kana kwamba dramu ni mashindano ya mbio. Ringo aliuchukia upigaji wa kujionyesha. Katika rekodi zote za kundi alipiga peke yake mara moja tu, katika “The End” ya mwaka 1969, tena baada ya kubembelezwa. Msikilizaji aliyekulia kwenye taarabu anajua kwamba dumbaki inayofunika maneno ya mwimbaji imeuharibu wimbo, hata iwe imepigwa kwa ustadi gani. Sanaa ya kujizuia haina makofi, na kwa hiyo ni rahisi kuiita bahati.

Agosti 1968 jambo hili lilipata jaribio lake. Ringo, akiamini kwamba hapigi vizuri na kwamba wenzake watatu wameshikamana bila yeye, aliliacha kundi akaenda Sardinia. Waliobaki walirekodi “Back in the U.S.S.R.” bila yeye, McCartney akishika sehemu kubwa ya dramu, na wimbo ukawa mzuri. Ushahidi kwamba angeweza kuachwa ulikuwa mikononi mwao, umekwisha kurekodiwa. Wakampelekea telegramu kumwomba arudi. Aliporejea studio za Abbey Road mwanzoni mwa Septemba, alizikuta dramu zake zimepambwa kwa maua.